Mche Hufa Kiangazi, Lakini Huokolewa Masika

Kila mwaka, mvua za masika zikisha kufika, habari za kupanda miti husikika nchi nzima. Shule hupanda, vijiji hupanda, parokia hupanda, na ofisi hupanda. Kisha hesabu hutangazwa: miche elfu kadhaa hapa, elfu kadhaa kule. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini wasomaji wetu wenye mashamba wajua vema kwamba kupanda ni kazi ya siku moja, na kiangazi ni kazi ya miezi. Kwa hiyo leo twapenda kuuliza swali ambalo huulizwa mara chache sana: ifikapo Oktoba, kati ya miche ile iliyopandwa, ni mingapi iliyo hai bado?

Swali hili lahusu hasa miti ya asili, yaani ile iliyoota katika nchi yetu kabla ya sisi kuzaliwa. Mkaratusi waweza kupandwa ovyo na ukaishi. Lakini mti wa msitu wa kale, ukitupwa peke yake juani juu ya mteremko mtupu, haukawii kukauka. Ili tulielewe jambo hili vizuri, tuitazame milima ya Usambara, hasa nchi ya Lushoto, ambako watu wamejifunza mengi, pengine kwa uchungu, juu ya namna ya kuiponya ardhi iliyochoka.

NCHI YENYE UKUNGU NA NCHI YENYE KIU

Msafiri aondokaye Mombo kwenda Soni na Lushoto huacha nyuma yake joto, mkonge na migunga ya tambarare. Baada ya kona nyingi za barabara huona ndizi, mboga na matunda ya nchi ya baridi, na akiendelea hadi Magamba hukuta msitu wenye ukungu. Milima hii ni sehemu ya ile iitwayo Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita katika Kenya na kuishia Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi huigonga, hupanda, hupoa, na kuacha mvua. Ndiyo sababu misitu yake imedumu muda mrefu sana, na ndani yake imo mimea isiyopatikana mahali pengine po pote duniani.

Lakini mvua hiyo haigawanywi sawa. Amani, iliyo upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Lushoto hupata kama nusu yake. Miteremko inayotazama magharibi na kaskazini, iliyogeuzia bahari kisogo, hupata pungufu zaidi. Tena mvua yenyewe huja kwa majira: masika toka Machi hadi Mei, na vuli toka Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna Januari na Februari, wakati wa jua kali. Na kuna miezi toka Juni hadi Septemba, wakati baridi na upepo hukausha udongo polepole, hata mtu asiye mwangalifu asitambue.

Msitu mzima una njia yake ya kupita miezi hiyo. Majani ya miti mikubwa hunasa ukungu, na matone hudondoka chini hata siku isiyo na mvua. Majani makavu hufunika udongo, na kivuli huuzuia usichemke. Kwa hiyo mche uliozaliwa chini ya wazee wake ni kama mtoto ndani ya nyumba. Pale palipokatwa miti, ukungu hupita tu bila kuacha kitu. Tukipanda mche mahali pale, tunampeleka mtoto nje usiku bila shuka. Hana budi kupata nyumba nyingine, na nyumba hiyo ni sisi tutakaoijenga.

KUIPONYA NCHI

Washambaa wana maneno mawili ambayo wenye elimu ya historia wameyaandika sana: kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi, na kubana shi, maana yake kuiharibu. Zamani maneno hayo yalihusu utawala wa machifu wa Kikilindi, waliokaa Vugha, na mvua, na amani. Nchi iliyotawaliwa vizuri ilipata mvua na shibe. Nchi yenye ugomvi ilipata njaa. Maneno hayo yangali na mafundisho kwetu, kwa sababu yaonyesha kwamba afya ya ardhi na mwenendo wa watu havitengani.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, mitarakwa ya Shume, ambayo Washambaa huiita mwangati, ilikatwa kwa wingi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza magogo yaliteremshwa kwa waya toka juu ya milima hadi Mkumbara, penye reli. Baadaye watu waliongezeka, mashamba yakapanda juu ya miteremko, na mvua ikaanza kuuchukua udongo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi huko Mlalo. Shabaha ilikuwa njema, lakini watu walilazimishwa kwa adhabu kuchimba matuta ambayo hawakuyataka, na kazi kubwa iliwaangukia akina mama. Wananchi walipinga kwa nguvu, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru.

Mwaka 1981 kazi ilianza upya Lushoto kwa njia nyingine, katika mradi ulioitwa SECAP kwa kifupi, uliosaidiwa na Ujerumani. Wakulima walifundishwa kupanda mistari ya majani ya kukinga udongo, kufuga ng'ombe zizini, na kuchanganya miti na mazao. Leo msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000. Historia hii yatufundisha jambo moja kubwa: ardhi haiponywi kwa amri, wala kwa siku moja ya sherehe. Huponywa na watu ambao watakuwa pale pale mwezi wa Agosti, wakati wageni wamekwisha kwenda zao.

Basi, baada ya kusema hayo, tuyatazame mambo yenyewe yanayouokoa mche. Msomaji ataona kwamba karibu yote hufanywa kabla ya kiangazi kuingia.

LA KWANZA: MTI UFAAO MAHALI UFAAPO

Kusema "mti wa asili" hakutoshi. Yafaa kuuliza, asili ya wapi? Huko Amani ulipandwa mti uitwao muhesi, ulio wa asili katika nchi za Ziwa Viktoria. Ulikua upesi, ndege wakazitawanya mbegu zake, nao ukauvamia msitu wa Usambara na kushindana na miti ya pale. Mti mwema nyumbani kwake waweza kuwa mgeni msumbufu kwa jirani.

Hata ndani ya Usambara kila mti una mahali pake. Mkulo ni mti wa msitu wenye maji. Ukiwa mdogo wapenda kivuli, tena mbegu zake njema ni shida kupatikana, kwa kuwa wadudu na wanyama huziharibu. Mtarakwa ni mti wa upande mkavu zaidi, na hupenda mwanga. Mshai huvumilia mahali pa wazi, hukua kwa haraka kidogo, na majani yake hurutubisha udongo. Mkuyu na mvumo hukaa vizuri penye unyevu, na mvumo huota hata kwa tawi nene lililochomekwa ardhini wakati wa mvua.

Kwa hiyo penye mteremko mtupu haifai kuanza na mkulo. Ianze mishai na miti mingine yenye kuvumilia jua. Baada ya miaka michache, ikisha kutoa kivuli, ndipo wapenda kivuli waingizwe chini yake. Anayetaka msitu wote kwa mwaka mmoja hupata kuni kavu.

LA PILI: MCHE ULIOFUNZWA KITALUNI

Watu wengi huchagua mche mrefu wenye majani mengi laini, wakidhani ndio bora. Kumbe majani mengi ni midomo mingi ya kunywa maji. Mche ufaao ni ule wenye kimo cha kama sentimeta 30 hadi 40, shina nene, na mizizi mingi ambayo haijajizungusha ndani ya kiriba.

Tena mche haupaswi kutoka kivulini na kupelekwa juani siku ile ile. Katika majuma manne au sita ya mwisho, mwenye kitalu apunguze kivuli kidogo kidogo, apunguze na maji, na aikate mizizi iliyotoboa kiriba na kuingia chini. Majani yatakuwa madogo na magumu. Mnunuzi asiyejua ataona mche umedhoofu, lakini huo ndio uliofunzwa shida, nao utaijua njia ya kuishi nao.

LA TATU: SHIMO NA MVUA YA KWANZA

Shimo lichimbwe kabla ya mvua, lenye upana na kina cha kama sentimeta 45 au zaidi. Udongo wa juu, ulio mweusi, uwekwe upande mmoja. Wa chini upande mwingine. Wakati wa kupanda, ule mweusi urudi kwanza, ukichanganywa na samadi iliyooza. Kiriba kiondolewe kabisa; tumeona mahali pengi miche iliyozikwa na plastiki yake kama maiti ndani ya sanda.

Upande wa chini wa mteremko lijengwe tuta dogo mfano wa mwezi mwandamo, ili maji yanayoteremka yasimame na kuingia shimoni. Werevu huu wajulikana mbali. Huko Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alisifiwa duniani kwa kuotesha msitu katika ardhi iliyokuwa kama jangwa. Alitumia mashimo yaitwayo zai, yaliyochimbwa wakati wa ukavu na kutiwa samadi, yakingoja mvua. Hakuwa na bomba wala mashine. Alikuwa na jembe, na alilitumia mapema.

Juu ya siku ya kupanda, kanuni ni rahisi. Mvua ya kwanza isikudanganye, lakini usingoje ya mwisho. Udongo ukisha kulowa hadi kina cha mkono toka kiganja mpaka kiwiko, panda. Mche uliopandwa Aprili mwanzoni hupata majuma mengi ya kupeleka mizizi chini. Ule uliopandwa mwishoni mwa Mei kwa sababu mgeni wa heshima alichelewa, huingia kiangazi na mizizi yake ingali na umbo la kiriba.

LA NNE: MATANDAZO NA PALIZI

Kama msomaji atakumbuka neno moja tu katika somo hili, alikumbuke hili: funika udongo. Majani makavu, mabua, au majani ya migomba, yatandazwe kuzunguka mche kwa unene wa vidole vinne hivi, na upana wa hatua moja. Yasiliguse shina, yasije yakaleta uozo au mchwa. Matandazo huzuia jua lisinyonye maji, huzuia matone ya mvua yasiupige udongo, na mwishowe huoza yakawa chakula.

Jinsi udongo ulivyo na nguvu ya kutunza uhai twaweza kuona huko pwani. Karibu na Mombasa, mahali paitwapo Bamburi, palichimbwa mawe ya chokaa kwa ajili ya saruji, hata pakabaki uwanda mtupu wa mawe ya matumbawe, wenye joto na chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kujaribu miti pale. Iliyofaulu ni michache sana, na mmoja wao ulikuwa mvinje. Lakini majani ya mvinje yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo alipoleta jongoo, wadudu ambao watu huwapita bila kuwatazama. Jongoo waliyala majani yale na kuyageuza kuwa udongo. Na udongo ulipopatikana, miti mingine iliweza kufuata. Ikiwa majani yaliyooza yameweza kuleta msitu juu ya mawe matupu, yatashindwaje katika mteremko wa Lushoto?

Pamoja na matandazo iko palizi. Wengi hudhani jua ndilo adui mkubwa wa mche, kumbe mara nyingi ni majani yaliyo kando yake. Mizizi ya majani ni mingi na ya juu, nayo huyanywa maji kabla ya mche kuyafikia. Basi palilia duara lenye upana wa mita moja, lakini usifyeke shamba zima. Vichaka vilivyo nje ya duara viache, kwani huvunja upepo na kutoa kivuli cha bure. Palizi moja kabla masika hayajaisha yafaa kuliko ndoo nyingi mwezi wa Agosti.

LA TANO: MAJI KWA AKILI

Si kila mlima unaweza kumwagiliwa, wala mama abebaye ndoo toka bondeni hapaswi kuongezewa mzigo wa miche mia. Lakini kwa miche michache iliyo karibu na nyumba, shule au kanisa, maji yatumike kwa akili. Kikombe kimoja kila siku hulowesha ngozi ya udongo tu, na mizizi huja juu kuyafuata. Siku moja ukisahau, mche hufa. Afadhali maji mengi mara moja, yaingie chini, kisha yapite majuma mawili hivi bila maji, ili mizizi iyafuate kwenda chini. Saa njema ni jioni au alfajiri.

Iko njia ya kale ya kuzika chungu cha udongo kisichopakwa rangi kando ya mche, kukijaza maji na kukifunika. Maji hupenya polepole katika ukuta wa chungu. Asiye na chungu atumie chupa ya plastiki yenye tundu dogo chini. Maji yaliyooshea mboga yatosha kazi hii.

LA SITA: MBUZI, MOTO, NA KISIKI KILICHO HAI

Mche uliovumilia jua waweza kumalizwa na mbuzi kwa dakika moja. Miiba iliyokatwa na kuwekwa kuuzunguka ni kinga ya bei rahisi. Kadhalika moto: kabla majani hayajakauka, isafishwe njia pana kuzunguka eneo lililopandwa, na majirani wakubaliane juu ya siku za kuchoma mashamba, au, bora zaidi, waache kuchoma kabisa. Hapa ndipo yale maneno ya Washambaa yanaporudi, maana kijiji chenye ugomvi hakiwezi kuzuia moto.

Mwisho, kabla ya kuchimba shimo hata moja, tazama chini. Pengine msitu haujafa. Mahali pengi visiki vingali hai na hutoa machipukizi kila mwaka, lakini hufyekwa au kuliwa. Huko Dodoma wakulima wamefundishwa kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kuyapogoa na kuyalinda. Njia hiyo huitwa Kisiki Hai. Mkulo nao, ingawa mbegu zake ni shida, huchipuka kwa mizizi ya mti uliokatwa. Chipukizi lina mizizi ya baba yake, iliyokwisha kushuka chini kwenye maji. Kiangazi hakilitishi kama kinavyoutisha mche wa kiriba.

HESABU YA OKTOBA

Mtu aweza kusema: Shughuli yote hii ya nini, wakati mkaratusi hukua bila matunzo? Hatuukatai mkaratusi mahali pake. Hutoa nguzo na kuni. Lakini hunywa maji mengi, na kuupanda penye chemchemi ni kujinyima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa mito na vyanzo vya maji, zisifanyiwe shughuli za kibinadamu zinazoweza kuviharibu. Hapo ndipo miti ya asili inapotakiwa kurudi. Mto unaoporomoka Soni ndio unaoteremka Mombo kwenye mashamba ya mpunga. Mkulima wa bondeni ambaye hajapanda hata ngazi moja ya mlima hula wali kwa sababu ya mti ulio juu. Na akina mama wa mlimani huamka saa tisa au saa kumi na moja kwa kadiri chemchemi ilivyo mbali au karibu.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa shule, vyama na familia zote. Mwaka huu pandeni michache kuliko mnavyotamani, kiasi mnachoweza kukitunza kwa miaka mitatu. Kila jamaa ipewe miche yake, ijulikane ni ya nani. Watoto waandike katika daftari siku ya kupanda, siku ya palizi, na siku ya matandazo. Kisha mvua za vuli zikaribiapo, mwezi wa Oktoba, nendeni mkahesabu. Palipokufa, ulizeni sababu: je, ni mbuzi, ni majani, ni kuchelewa, au mti haukupafaa mahali pale? Jazeni mapengo kwa mvua inayofuata, mkiisha kurekebisha sababu hiyo.

Wazee wetu walisema, mpanda ovyo hula ovyo. Miche hamsini iliyo hai Oktoba yashinda miche elfu iliyopigwa picha Aprili. Hesabu hiyo ya Oktoba haina ngoma wala hotuba, lakini ndiyo itakayowaambia watoto wetu kama tulikuwa watu wa kuiponya nchi, au wa kuiharibu.